Mpangaji wa Kinyozi Amejigawa

Kwenye kona ile, kati ya duka la kinyozi na kibaraza cha fundi cherehani, pana benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Anayekaa upande wa tofali hakai kwa raha, na anayekaa upande wa pili hasogei ng'o, kwa hiyo ugomvi wa kwanza wa kila asubuhi ni wa nani akae wapi, na wa pili ni wa jambo lolote litakalopita mbele yao. Kahawa inatoka kwa Bi Pindo, fundi cherehani, ambaye jiko lake la mkaa lina kazi mbili: kutoa makaa ya pasi na kuchemsha birika. Wateja wake wa kudumu ni Gundi, fundi viatu ambaye vidole vyake vimegandana tangu ujana, na Stesheni, fundi redio, ambaye akishaanza kusema hana kitufe cha kuzimia. Wa tatu ni Kinyozi, na hapa kwake ndipo tulipo leo, maana siku hiyo alitoka dukani mbio huku mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi, na nyuma yake, kwenye kiti, aliacha mteja aliyenyolewa upande mmoja tu wa kichwa.

— Amekufa! — alisema Kinyozi.

— Nani? Mteja? — Bi Pindo aliruka, nusura aunguze sketi ya watu.

— Mpangaji!

— Aa, — Gundi akakaa tena. — Umenishtua bwana. Nilidhani ni mtu.

Mpangaji alikuwa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, na huyu alikuwa na mikono sita. Alikaa ndani ya tangi la kioo juu ya kabati la taulo, karibu na pampu ndogo iliyopuliza mapovu mchana kutwa. Jina alipewa na benchi, kwa sababu alikuwa akila na kulala bila kusema na mtu. Aliyemleta ni mke wa Kinyozi, mtaalamu wa viumbe wa namna hiyo, ambaye mvua zilipokwisha alikwenda kufanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa bahari, mbali na pale. Kituo kilitaka kumwajiri moja kwa moja. Kinyozi akasema haachi duka alilolianzisha kwa kiti kimoja na kioo chenye ufa. Yakasemwa maneno ambayo kila mmoja alitamani kuyarudisha mdomoni, na hakuna aliyeyarudisha. Asubuhi ya kuondoka, mke alipanga madumu ya maji ya bahari ukutani, akaacha mfuko wa kome wa kumlisha kwenye friji, akasema, "Mtunze huyu. Nikirudi tutaongea."

Jana ya siku hiyo, mke alipiga simu na kusema maneno mawili tu: "Nakuja kumchukua."

Kinyozi aliyageuza maneno hayo usiku kucha. Kumchukua Mpangaji, sawa. Lakini mtu akija kuchukua kitu chake cha mwisho, maana yake ni nini? Aliona wazi kwamba siku tangi lile litakapotoka dukani, mkewe naye atakuwa ametoka moja kwa moja, na hakuwa tayari kabisa.

Na sasa, gari la mkewe likitarajiwa muda wowote, Mpangaji alikuwa vipande viwili.

Waliingia dukani wote kwa pamoja na kukwama mlangoni kwa muda. Mteja, shuka la kunyolea likiwa limemfunika hadi magotini, akageuza shingo.

— Jamani, mimi ni...

— Kaa utulie kaka, — Stesheni akamwambia. — Kuna msiba.

Tangini, kipande kimoja chenye mikono mitatu kilikuwa kimeshika kioo cha kushoto. Kipande kingine, mikono mitatu vilevile, kilikuwa kimeshika kioo cha kulia. Katikati palikuwa patupu.

— Mbona anatembea? — aliuliza Bi Pindo.

— Yupi?

— Wote wawili.

Walitazama. Kweli, vipande vilikuwa vinajivuta, kila kimoja kwa njia yake, taratibu, bila haraka ya msiba wowote.

— Maiti haiwezi kutembea, — Gundi alitoa hukumu. — Huyu hajafa. Huyu kapasuka. Mimi naona viatu kila siku. Soli ikipata joto, inaachia hapa katikati. Duka lako lina joto, Kinyozi. Nilikuambia ununue feni.

— Hukuniambia.

— Nilikuwa nataka kukuambia.

— Si joto, — Stesheni alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo. — Ni umeme. Pampu hii inavujisha umeme majini. Kidogo kidogo. Kila siku anapigwa shoti ndogo, anavumilia, anavumilia, jana akasema basi.

— Pampu hiyo uliifunga wewe.

— Niliifunga vizuri! — Stesheni akarudi nyuma. — Basi si umeme. Huyu alikuwa mjamzito.

— Mjamzito?

— Hukuona jinsi alivyojaa katikati? Kajifungua. Huyu ni mama na huyu ni mtoto.

— Mtoto gani analingana na mama yake kila kitu mpaka umri? — Bi Pindo alicheka hadi akaegemea kabati. — Halafu mama aliyejifungua amepungukiwa mikono mitatu? Hiyo hospitali gani?

— Na baba? — aliuliza Gundi. — Alikuwa peke yake humu tangu siku ya kwanza.

Wote wakamgeukia Kinyozi.

— Mnanitazama mimi kwa nini?

— Hatujasema kitu, — alisema Bi Pindo. — Ila wewe ndiye uliyekuwa unalala na funguo.

Kinyozi hakucheka. Kwa kawaida yeye ndiye mcheshi wa kwanza hapo, anayeweza kumnyoa mtu huku akimvunja mbavu, lakini leo kicheko kilimgomea. Akilini alimwona mkewe akisimama mlangoni, akitazama tangi, kisha akimtazama yeye. Hata kutunza kitu kisichokuwa na mdomo wa kulalamika ameshindwa.

— Nisaidieni, — alisema. — Anakuja leo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana ukiomba msaada mbele ya mafundi watatu, kila mmoja anakimbilia sanduku lake.

Gundi alirudi na kichupa. — Tone moja hapa, tone moja pale, tunabana, tunahesabu hadi ishirini. Hata mkeo hataona.

— Toa sumu yako hapa! — Kinyozi akamzuia kwa mwili.

— Viatu vya mheshimiwa nimevigandisha kwa hii.

— Mheshimiwa hakuvivaa chini ya maji!

Stesheni alipendekeza risasi ya kuchomelea nyaya za redio, akazomewa kabla hajamaliza. Akabaki Bi Pindo. Alikwisha tunga uzi kwenye sindano, lakini alipokitazama kile kipande cha kushoto kikiinua ncha ya mkono mmoja, moyo ukamlegea.

— Siwezi kumdunga. Kiumbe wa watu. — Alifikiri, akavuta kitu kutoka mfukoni mwa aproni. — Lastiki.

— Lastiki ya nini?

— Ya kiunoni. Laini, haimkati. Tunawaweka pamoja, tunawazungushia, wanapumzika, wanashikana wenyewe. Hata kidonda unakifunga kwanza.

Kinyozi alijua ni wazimu. Lakini alikuwa na hofu kubwa, na mtu mwenye hofu akipewa lastiki anaipokea. Alikunja mikono ya shati, akaviondoa vipande kwenye kioo polepole, kimoja baada ya kingine, akaviweka uso kwa uso chini ya maji. Bi Pindo akavizungushia lastiki nyeupe na kufunga fundo dogo zuri kabisa, la kitaalamu.

— Mzima kama jana, — alisema Gundi.

Walishangilia. Bi Pindo akaleta birika na vikombe humo humo ndani, akammiminia kila mtu, hata mteja, aliyetoa mkono mmoja chini ya shuka.

— Samahani, — alisema mteja. — Upande huu wa pili...

— Kunywa kahawa kaka.

Hawajafika nusu ya kikombe, kipande cha kulia kikaanza kupenya chini ya lastiki. Mkono wa kwanza ukatoka. Mkono wa pili ukatoka. Kikajivuta kwa utulivu wa mtu anayeondoka kwenye mkutano usiomhusu, kikarudi kwenye kioo chake kile kile. Kipande cha kushoto kilibaki kimevaa lastiki.

— Hawataki, — Gundi alisema kwa sauti ya chini. — Sasa nimeelewa. Huyu hakupasuka wala hakuzaa. Amejipa talaka.

Neno hilo lilimkata Kinyozi maini. Bi Pindo akamkanyaga Gundi mguu, ila Gundi alikwisha washa moto.

— Fikirini jamani. Upande mmoja unataka kwenda huku, upande mwingine unataka kwenda kule. Wamebishana humo ndani miezi yote hii sisi hatusikii. Mwisho kila mmoja akashika njia.

— Ningekuwa mimi, — Stesheni akadakia, macho yakimng'aa, — ningejigawa hata kesho. Nusu iende kazini, nusu ibaki nyumbani imelala.

— Nusu ipi ingekubali kwenda kazini? — aliuliza Bi Pindo.

Stesheni alifikiri kwa uzito mkubwa. — Hilo ndilo tatizo. Ningekuwa na wavivu wawili.

— Na mkeo angekuwa na waume wawili wavivu.

— Angewagombanisha, — alisema Gundi. — Kisha wangejigawa tena, wanne. Wanne wanakuwa wanane. Mwaka haujaisha mtaa mzima ni Stesheni mtupu, na kila mmoja anaongea.

— Mungu apishe mbali! — Bi Pindo alipiga makofi, kahawa ikamwagika. — Nani angewashonea?

Walicheka hadi Gundi akapaliwa, Stesheni akawa anampiga mgongoni, na hata Kinyozi, pamoja na jiwe lililokuwa kifuani, akajikuta anatabasamu. Kwa hiyo hawakusikia gari. Hawakusikia begi likiwekwa chini.

— Nani amemvalisha huyu lastiki?

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la safari kwenye kope. Bi Pindo akaificha sindano. Gundi akaweka mikono nyuma, kichupa kikamng'ang'ania vidoleni.

— Shemeji karibu, — alisema Stesheni. — Pole na safari. Sisi hapa tulikuwa tunapita tu.

Mke alikwenda tangini, akaingiza mkono, akaivua ile lastiki kwa kucha mbili, akaiweka juu ya kabati. Kisha akainama akatazama kushoto, akatazama kulia. Kinyozi aliona mabega yake yakitikisika na akajua analia.

— Nisamehe, — alisema. — Nilimpa kome kama ulivyosema. Maji nilibadilisha. Sijui nilipokosea. Nilidhani nitakukabidhi kama ulivyomwacha.

Mkewe aligeuka. Alikuwa anacheka. Anacheka hadi machozi, mkono umefunika mdomo.

— Hukukosea popote! Amegawanyika! Amegawanyika mwenyewe!

— Nilisema! — Gundi akapaza sauti.

— Ulisema soli, — alimkumbusha Bi Pindo.

— Nilisema mengi. Hilo lilikuwemo.

Mke alijivutia kigoda, akakaa mbele ya tangi bila hata kuvua viatu, na Bi Pindo, ambaye hawezi kuona mtu kakaa mikono mitupu, akampa kikombe.

— Si kila aina, — alieleza, — lakini aina hii ndivyo ilivyo. Msimu wa joto ukifika, upande huu unavuta huku, ule unavuta kule, mpaka wanaachana katikati. Kila nusu inaota mikono iliyokosekana. Baada ya miezi kadhaa una wawili kamili.

— Bila baba? — aliuliza Stesheni.

— Bila baba wala mama. Ni yeye kwa yeye.

— Na kuzaa kabisa hawazai?

— Wanazaa. Kwa aina hii, hiyo ni kazi ya msimu wa baridi. Baridi ikiingia, jike anajaa mayai, dume anajaa mbegu zake. Mmoja akianza kumwaga, wengine wanasikia harufu majini nao wanamwaga. Mayai na mbegu vinakutana huko huko majini, vinakuwa vitoto vidogo visivyofanana na wazazi hata kidogo, vinaelea wiki nyingi kabla ya kutua chini na kuwa nyota.

Benchi zima likasogea karibu na tangi.

— Ina maana, — alisema Gundi taratibu, — hawagusani?

— Si lazima.

— Na mikono yote ile!

Bi Pindo alilazimika kutoka nje akacheke huko, akarudi, akatoka tena.

Kinyozi yeye alikuwa amekamata neno jingine. Aliketi ukingoni mwa kiti cha mteja, karibu amkalie mteja mwenyewe.

— Hawa wawili, — aliuliza, — baridi ikija, watarudiana?

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko swali lilivyohitaji.

— Watakuwa jirani. Lakini hawawezi kuzaa pamoja. Wametoka mwili mmoja. Kama ni dume, wote madume. Wa kuzaa naye lazima atoke kwingine, awe tofauti naye.

— Asiyefanana naye.

— Asiyefanana naye hata kidogo.

— Basi sisi tuna bahati, — alisema Kinyozi. — Maana mimi na wewe hatufanani hata katika kukoroga chai.

Alisema kwa mzaha, ila sauti ilimpasukia katikati. Mkewe akashusha macho kwenye kikombe. Mafundi wote watatu wakagundua ghafla kwamba ukuta ule una rangi nzuri.

— Nilikuja kumchukua, — mke alisema. — Nimemwahidi mkuu wa kituo. Nilimwambia nina mmoja mjini, nimemlea kutoka mdogo, nampeleka akae na wengine. Gari linanisubiri pale nje.

Kumbe Kinyozi alikuwa sahihi usiku kucha. Alisimama, akashika taulo, akaanza kulikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

— Sawa, — alisema. — Nitakusaidia kubeba.

Alikwenda kwenye kabati, akatoa ndoo safi yenye mfuniko, akamimina maji ya dumu la mwisho. Hakuna aliyefanya utani. Hata Stesheni alizimika. Mke akakunja mikono ya gauni, akaingiza mkono tangini.

Hapo mteja akainuka kitini. Alikuwa mpita njia, hakuna aliyemjua, shuka limemning'inia shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa na upande mwingine kichaka. Alikuja na kikombe chake mpaka tangini, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, kama walivyofanya wengine wote.

— Samahani dada, — alisema. — Yule uliyemwacha ni yupi?

Mkono wa mke ukasimama ndani ya maji.

— Eti?

— Ulimwacha mmoja. Ukamlea toka mdogo. Kati ya hawa, yule wako ni yupi?

— Wa kushoto, — alisema Gundi papo hapo. — Ndiye aliyekubali lastiki. Mwenye adabu.

— Wa kulia! — Stesheni alipinga. — Ndiye aliyerudi kioo chake. Anapajua nyumbani.

— Wa kushoto ana mkono mrefu zaidi.

— Mrefu ni huu wa kulia, umekunja tu!

— Nyamazeni, — alisema Bi Pindo. — Mwacheni mwenyewe aseme. Ndiye msomi.

Mke alitazama kushoto. Alitazama kulia. Tangu aolewe mtaa ule, benchi lilimjua kama mtu mwenye jibu la kila kitu, kuanzia kwa nini bahari ina chumvi mpaka kwa nini Gundi anakoroma, na sasa walimwona akitoa mkono majini polepole, mtupu, maji yakidondoka sakafuni kwenye nywele za watu.

— Sijui, — alisema.

Kisha akarudia, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu. — Jamani, sijui! Wote ndio yeye. Au hakuna. Sijui kabisa!

— Basi chukua yeyote, — alisema mteja kwa upole.

— Nichukue nusu ya nani? Nimwache nani? — Alijifuta mkono kwenye gauni, kisha akamtazama mumewe, ambaye bado alikuwa ameshika ndoo. — Halafu kule kituoni maji yanapozwa. Hakuna hata mmoja aliyegawanyika msimu huu. Aliyegawanyika ni huyu, hapa, kwa kinyozi asiye na feni. Kuna mtu lazima akae amtazame mikono ikiota.

— Mpaka lini? — aliuliza Kinyozi.

— Mpaka baridi.

— Na baridi ikija?

— Baridi ikija ndipo tutajua kama ni dume au jike. Mengine tutaongea. Nilisema nikirudi tutaongea, au sikusema?

— Ulisema.

— Basi weka ndoo chini.

Kinyozi akaiweka ndoo chini. Gundi alikwisha toka mbio kumwambia dereva aende zake, na kutoka nje alisikika akimweleza habari yote upya, kuanzia kwenye soli. Mke akatoka, akaenda kwenye benchi, akakaa upande wa tofali bila kugombana na mtu, akanyoosha kikombe chake. Bi Pindo akainamisha birika. Likatoa tone moja, kisha hewa.

— Imekwisha mwanangu.

— Bandika nyingine, — alisema mke, akavua viatu. — Mimi nipo.

Ndani, Kinyozi alisimama nyuma ya mteja wake, mashine mkononi. Alikuwa anacheka peke yake.

— Tuendelee? — aliuliza mteja.

— Tuendelee, — alisema Kinyozi. — Nikumbushe tu kaka. Upande tuliokuwa tunanyoa ni upi?